Barua Pepe ya Mudathiri

Kila Alhamisi saa tisa alasiri, Mwanaamina binti Khatibu alifunga duka lake la vitenge sokoni Kibondo, akaingia stoo ya nyuma, akaegemeza simu kwenye jora la kitenge, halafu akaanza kukagua vyumba vya watu.

“Mama wa Kumsenga, zungusha simu. Taratibu, mama, usinitie kizunguzungu. Nyuma ya mlango je? Hicho kinachotikisika ni nini?”

“Kuku, Mama Tunu.”

“Mtoe nje na yeye.”

Wanawake walicheka, lakini walizungusha. Mmoja baada ya mwingine, kumi na mmoja kwa jumla, waliizungusha kamera ukutani, kitandani, mlangoni, hadi mwenyekiti wao aridhike kwamba hakuna sikio la mtu mwingine. Hiyo ilikuwa sheria ya kikundi, na aliitunga Mwanaamina mwenyewe baada ya mwanachama mmoja kueleza shida zake huku wifi yake akimenya mihogo nyuma ya pazia. Mkutano ulikuwa haujaisha, habari zilishafika kwa mume.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha wanawake wenye mizigo ya nyumbani: vipigo, mashamba waliyonyang'anywa, watoto waliokataliwa. Zamani walikutana palepale stoo. Lakini mmoja yuko Kumsenga, wawili Mabamba mpakani, mwingine kahamia kwa kaka yake, na mvua za huku zikishika hazimhurumii mtu. Basi Tunu, binti wa Mwanaamina anayesoma chuo Dodoma, akawafundisha kukutana kwa video. Na kutoka Kasulu mjini akajiunga Esteri, msaidizi wa kisheria, mwanamke mwembamba anayesema haraka kama mtu anayekimbiza basi.

Mwanaamina ni mjane wa miaka hamsini na tatu. Baba yake aliingia Kibondo na mabunda ya nguo kutoka Ujiji, akaoa hukuhuku, na binti akakulia dukani, Kiswahili mdomoni na Kiha mdomoni. Mdomo anao, tena mpana. Akikutania sokoni utatafuta pa kujificha. Lakini siri ya mtu ukimpa, umeizika. Watu wazima wenye ndevu zao wamewahi kulia ndani ya stoo ile, na hakuna aliyewahi kulisikia jambo lake likirudi mtaani. Heshima hiyo ilimfurahisha kuliko duka lenyewe, na hakuificha furaha yake.

Alhamisi hiyo, wiki ya pili ya Novemba, aliyekuwa na neno ni Jeanne.

Jeanne alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la Mwanaamina kwa miaka minne. Wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi. Yeye alizaliwa hapahapa, akapata uraia pamoja nao, akaolewa na Bazilio, mnunuzi wa maharage kule Mabamba. Mwanzoni Bazilio alikuwa mtu wa watu. Baadaye Jeanne akaanza kuja kazini na mitandio mizito siku za jua. Wiki tatu zilizopita mumewe alimvunja mkono, na akamwambia mbele ya mtoto wao wa miaka mitatu kwamba mara nyingine haitakuwa mkono. Jeanne alingoja atoke, akambeba mtoto mgongoni na mkono wake mmoja mzima, akaondoka. Mwanaamina ndiye aliyempa nauli. Alijua tu kwamba binti amekwenda upande wa Kasulu; pa kufikia hakuuliza, na Jeanne hakusema.

Sasa alionekana kwenye kioo, uso umepungua, mkono umefungwa bandeji.

“Amahoro, mama,” alimwamkia.

“Amahoro, mwanangu. Zungusha simu.”

Akazungusha. Kitanda, dirisha, mtoto amelala. Hakuna mtu.

Esteri akaanza kueleza. Fomu ya polisi, barua ya hospitali, dawati la jinsia, hati gani itangulie na ipi ifuate. Mtandao ulikuwa unakatika, maneno yanaruka, na mkono wa Mwanaamina hauendi na kalamu haraka hivyo. Hapo ndipo alipofanya jambo dogo. Alivuta kioo cha simu kwa kidole kutoka juu kwenda chini, kama Tunu alivyomfundisha, akabonyeza alama ya kurekodi kioo. Amezoea. Hurekodi mawaidha ya msikitini, hurekodi bei za wauzaji wa Kigoma, husikiliza tena jioni akipepeta mchele. Aliwaza tu: nitasikiliza polepole, nimwandikie Jeanne orodha yake. Hakumwambia mtu. Wala haikumjia akilini kwamba hilo ni jambo la kuambiana.

“Kuna karatasi nitakutumia kwa mkono,” Esteri alisema. “Ulipo utanielekeza baadaye, kwa simu, mimi na wewe tu.”

“Baadaye ya nini?” Mwanaamina akadakia. “Mficha uchi hazai, Jeanne. Sema tuyamalize. Humu tuko wenyewe, vyumba nimevikagua.”

Jeanne alisita. Alitazama dirishani, akamtazama Mwanaamina.

“Niko Makere,” alisema. “Kwa mama Ndayikeza. Ukishuka barabarani, mashine ya kusaga, nyumba ya tatu nyuma yake, bati jekundu.”

Mkutano ukaisha kwa dua ya Mwanaamina na amina za Wakristo. Usiku alilala vizuri, maskini.

Ijumaa asubuhi, duka halijapata hata mteja, akaja Swaumu muuza chapati, anacheka tangu mbali.

“Mama Tunu! Hongera bwana, umekuwa msanii! Nimekuona kwenye simu yangu.”

“Simu yako inaota.”

“Haioti. Tazama.”

Akamwekea simu chini ya macho. Na kweli: kioo kimegawanyika vyumba vidogo vidogo, katika kimoja Mwanaamina mwenyewe na kilemba chake, katika kingine Jeanne na bandeji yake. Swaumu akagusa, sauti ikatoka palepale, katikati ya soko: “Niko Makere. Kwa mama Ndayikeza…”

Mwanaamina aliinyakua simu ile akaizima.

“Nani kakutumia hii?”

“Hajanitumia mtu. Nimefungua picha zangu nimwonyeshe mtu mtoto wa dada, nikakuta imo.” Kicheko kilishamtoka Swaumu. “Mama Tunu, kuna nini?”

“Umemwonyesha nani?”

“Hakuna. Nimekuja kwako moja kwa moja.”

“Hiyo sauti umeisikia wewe peke yako. Kufa nayo,” alisema Mwanaamina, akaacha duka wazi, vitenge vyote nje, akakimbia. Mwanamke mwenye mwili ule kukimbia sokoni si jambo la kawaida, na watu walimpisha bila kuulizana.

Mudathiri fundi simu alikuwa na meza yake karibu na stendi. Kijana mpole, anaswali, haibi. Simu janja karibu zote za mtaa ule zimepita mikononi mwake. Na sasa, jamani, sikilizeni mambo ya Kibondo. Simu janja mpya ikifunguliwa hudai barua pepe. Wateja wa Mudathiri barua pepe hawana, wala hawataki kuulizwa. Basi miaka mingi iliyopita alifungua moja, ya duka, na kila aliyenunua simu akamwekea ileile. Simu inawaka, mteja anashukuru, maisha yanaendelea. Ukimuuliza mtu pale sokoni, “Barua pepe yako ni ipi?” atakujibu bila aibu, “Kamuulize Mudathiri.”

“Mwanangu,” Mwanaamina alisema akihema, “kitu nilichorekodi kwenye simu yangu kimefikaje kwa Swaumu?”

Mudathiri alichukua simu ya Mwanaamina, akaipekua. Alianza kwa tabasamu la fundi. Kisha tabasamu likaondoka.

“Wiki hii uliweka bando kubwa?”

“Niliweka. Kwa ajili ya mkutano.”

“Basi ndiyo hivyo. Simu ikipata bando la kutosha inapeleka picha na video zako kwenye akiba ya mtandaoni, zisipotee. Akiba inafuata barua pepe. Na barua pepe…” akaiweka simu mezani. “Kila mwenye barua pepe ile anaiona akiba ileile.”

Mwanaamina akakumbuka picha za watu asiowajua ambazo hujitokeza kwenye simu yake. Ng'ombe wa mtu. Harusi ya mtu. Siku zote alidhani ni matangazo ya kampuni.

“Ni watu wangapi?”

“Waliobaki na barua pepe hii? Thelathini na kitu.”

“Bazilio anayenunua maharage Mabamba. Simu yake alinunua wapi?”

Mudathiri aligeuza kioo cha kompyuta yake ndogo kimwelekee Mwanaamina. Palikuwa na orodha ya simu, kila moja na saa iliyoonekana mtandaoni mara ya mwisho, na Mudathiri kwa unadhifu wake alikuwa amezipa majina ya wenyewe. Ya saba kutoka juu: Bazilio Mabamba. Leo, saa moja na dakika kumi asubuhi.

Ilikuwa saa tatu kasoro.

“Futa,” Mwanaamina alisema. “Futa, futa, futa!”

Alifuta. Akaifuta na kwenye pipa la taka, kwa sababu video ikifutwa, alieleza, hukaa pipani siku nyingi ikisubiri mtu aiokote. Kisha akaanza kuziondoa simu za watu moja moja kwenye barua pepe ile.

“Imetoka kwa wote. Hakuna atakayeiona tena.”

“Na kama alishaiona?”

“Hilo sijui, mama. Kuwa mtandaoni si lazima awe alifungua picha. Watu wengi hawafungui kabisa.” Akashusha sauti. “Mimi nakushauri kama mama yangu. Imefutika. Jeanne hajui, Bazilio labda hajui. Nyamaza. Ukisema, utamtia dada wa watu hofu bure, na jina lako litaharibika, na langu pia.”

Hapo sasa. Mwanaamina alikaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Ushauri ule ulikuwa mtamu, na asiyekiri hivyo mwongo. Miaka thelathini ya kuaminiwa. Wanawake kumi na mmoja wanaozungusha simu zao kila wiki kwa sababu yeye kasema. Akitamka kwamba yeye mwenyewe, mkaguzi wa kuku, ndiye aliyekuwa sikio la nje, nani atamweleza tena neno? Na huenda Bazilio hakufungua picha. Labda alikuwa anatazama mpira. Labda.

Halafu akauona ule mkono wa bandeji. Alijichukia kwa zile dakika tano alizokaa pale benchi akipima jina lake na uhai wa mtu.

Akapiga. Simu ya Jeanne iliita ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Mtandao wa Makere ni wa kuvizia. Mara ya nne ikapokelewa.

“Mama? Mbona mapema?”

“Mtoto yuko wapi?”

“Huyu hapa, anakunywa uji.”

“Mchukue. Toka kwenye nyumba hiyo sasa hivi, usifunge nguo. Jana nilirekodi mkutano. Video imeingia kwenye simu ya Bazilio. Sijui kama ameiona. Ulivyoelekeza nyumba, yote imo.”

Mwanaamina alisikia kijiko kikiwekwa chini.

“Ulinirekodi?”

“Nilikurekodi.”

“Uliniuliza?”

“Sikukuuliza, mwanangu. Nilitaka…”

“Sikutaka kusema,” Jeanne alisema. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. “Ukaniambia tuko wenyewe.”

Simu ikakatika.

Mwanaamina akampigia Esteri. Esteri alisikiliza sekunde chache tu kisha akasema, “Subiri,” akapiga simu polisi na kwa mtendaji wa kijiji, ndipo akarudi. Na aliporudi hakumbembeleza mtu.

“Mama Tunu, mkutano wenyewe una kitufe cha kurekodi. Ukibonyeza hicho, kila mtu anatokewa na alama nyekundu na tangazo. Anayekataa anasema, au anatoka zake. Wewe umerekodi kioo chako mwenyewe. Hakuna aliyetokewa na kitu. Unaelewa tofauti? Jeanne alinyimwa nafasi ya kukataa.”

“Naelewa sasa.”

“Kagua vyumba mpaka kesho. Aliyeko ndani ya mkutano ndiye anayeweza kuubeba mkutano mzima mfukoni. Hata mimi. Hata wewe.”

“Nimesema naelewa, Esteri! Nimeelewa!” Akaanza kulia pale stendi, mbele ya makondakta, Mudathiri amesimama kando hajui pa kuweka mikono.

Saa zile za kungoja zilihesabu dakika zao moja moja. Swaumu alikuwa amemrudishia vitenge ndani na kukaa mlangoni pa duka kama askari, bila kuuliza. Adhana ya Ijumaa ikaita, wanaume wakaenda, wakarudi. Mwanaamina alitandika mkeka stooni, akaswali, akakosea rakaa, akaanza upya. Simu ya Jeanne haikupatikana. Kila pikipiki iliyopita ilimpasua moyo. Alimwona Jeanne barabarani na mtoto mgongoni, akamwona Bazilio anatokea kwenye kona. Alijitahidi asimwone, akamwona tena.

Saa nane na nusu iliita namba asiyoijua. Alikuwa mama Ndayikeza wa Makere, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi kwa woga.

“Amekuja, mama. Bazilio. Na mwenzake, pikipiki mbili.”

Mwanaamina aliingia stoo, akafunga mlango.

“Hakuuliza mtu njia. Alipita mashine ya kusaga, akahesabu nyumba kwa kidole, moja, mbili, tatu, akasimama kwangu. Akasema, ‘Bati jekundu, ni hapa.’ Akapiga teke mlango. Nikamwambia hayupo, akaingia, akapindua godoro. Uji wa mtoto ulikuwa bado mezani. Akauona.”

“Jeanne yuko wapi? Niambie, Jeanne yuko wapi?”

“Alishaondoka, ego, ndiyo, alishaondoka asubuhi ileile. Hata mimi hakuniambia anakokwenda. Mgambo wamefika, wamemshika, polisi wako njiani kutoka Kasulu. Mwenzake amekimbia.” Akavuta pumzi. “Ana panga kwenye pikipiki, mama. Nimeliona kwa macho yangu.”

Mwanaamina alikaa chini kwenye sakafu ya stoo, katikati ya majora. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akawaza zile dakika tano za benchini, na kwamba zingeweza kuwa kumi, zikawa siku nzima, na Mudathiri angemwambia amefanya busara.

Alhamisi iliyofuata aliwaambia wanakikundi kila kitu, hakujitetea. Wawili waliondoka palepale, mmoja baada ya kumwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Bila Jeanne, walibaki wanane. Mudathiri aliita wateja wake mmoja mmoja na kumfungulia kila mtu barua pepe yake, akikaa nao mezani mpaka wajue nywila zao. Watu walinung'unika kwamba anawapotezea muda.

Lakini Jeanne hakusikika. Esteri alijua kwamba yu hai, na hakusema zaidi. Kesi ilikuwa inaendelea Kasulu, Bazilio ndani. Cherehani ilikaa barazani na kitambaa juu yake, na kila mteja aliyeuliza fundi yuko wapi aliambiwa kasafiri.

Siku ya ishirini na mbili tangu Ijumaa ile, asubuhi, simu iliita kwa namba ngeni.

“Mama.”

Mwanaamina alidondosha mkasi. “Jeanne! Mwanangu! U mzima? Mtoto mzima?”

Jeanne akasema, kwa adabu ileile aliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza alipokuja kuomba kazi:

“Unarekodi, mama?”

“Hapana! Wallahi, hapana. Simu iko sikioni tu.”

“Niko mzima. Mtoto mzima. Mkono umefunguliwa. Nimeanza kushona kidogo kidogo kwa mtu.”

“Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Uko wapi, nikuletee cherehani yako? Nitakuja mwenyewe.”

Lilimtoka tu. Ni swali ambalo kila mama huliuliza. Alilisikia likishatoka, akaziba mdomo kwa kiganja, amechelewa.

“Siku ile ulinipigia,” Jeanne alisema polepole. “Mwingine angenyamaza. Hilo silisahau, na nitalisema mbele ya watu. Nakupenda, mama. Lakini niliko sikuambii. Sikuambii leo, na sidhani kama nitakuambia kesho.”

Barazani mteja alikuwa anaita, anataka kupimiwa doti mbili za kitenge cha bluu. Mwanaamina alimgeuzia mgongo.

“Usiniambie,” alisema. “Hata nikikuuliza tena, mwanangu, usiniambie.”